Elizabeth Loftus: Kitenzi Kilichofika Mahakamani

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 wa Marekani filamu fupi za ajali, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani. Kilichobadilishwa ni kitenzi tu. Walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" walikadiria wastani wa maili 31.8 kwa saa. Walioulizwa "yalipobamizana", 40.8. Katika jaribio la pili, juma moja baada ya filamu, 16 kati ya 50 waliosikia kitenzi kikali walisema waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo.

Loftus, mzaliwa wa Los Angeles mwenye uzamivu wa Stanford, angeweza kuyaacha hayo maabara. Aliyapeleka mahakamani, akawaeleza mahakimu jinsi swali la mpelelezi linavyoweza kumpa shahidi kumbukumbu asiyokuwa nayo. Mwaka 1976 alitoa ushahidi upande wa Ted Bundy, ambaye baadaye alidhihirika kuwa muuaji wa wanawake wengi. Wapo wasiomsamehe hadi leo. Mimi siungani nao: ushahidi dhaifu ni dhaifu hata mshtakiwa akiwa mwovu.

Gharama kubwa zaidi ilitoka nyumbani. Mwaka 1999, baada ya malalamiko kuhusu uchunguzi wake wa kisa cha kumbukumbu "iliyofufuliwa", Chuo Kikuu cha Washington, mwajiri wake, kilichukua majalada yake. Karibu miaka miwili ilipita kabla ya kuambiwa kwamba hakuwa na kosa. Mwaka 2002 alihamia Irvine, California.