Jina Wainwright na Majina ya Ukoo Kusini mwa Tanzania

Jina Wainwright, ambalo hata kwao Uingereza halina wenyewe wengi kama Smith au Taylor, limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale: wægn, yaani gari zito la kukokotwa na wanyama, na wyrhta, yaani fundi. Ni miongoni mwa majina ya kazi yaliyoganda na kuwa ya kurithi katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, pale makarani wa kodi na wa mahakama walipohitaji namna ya kuwatofautisha watu wengi wa kijiji kimoja waliokuwa na jina moja la ubatizo. Baada ya vizazi kadhaa kazi ilisahaulika na jina likabaki, hata mjukuu aliyekuwa mvuvi au mwashi akaendelea kuitwa muunda magari.

Jina hilo liliingia katika historia ya Wayao, mojawapo ya makabila ya kusini mwa Tanzania, kwa njia ya utumwa. Huko kusini, Nanganga ya leo ni njia panda ambapo barabara itokayo Ruangwa hukutana na ile inayounganisha Masasi na pwani ya Lindi na Mtwara, na katika karne ya 19 nyanda hizihizi za kusini zilikatwa na njia za misafara iliyoshusha pembe za ndovu na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa na Lindi. Hakuna gari lililopita humo; kila mzigo ulikwenda kichwani au begani. Mmoja wa watoto wa Kiyao waliouzwa utumwani alikombolewa na Waingereza, akapelekwa India, na katika shule ya wamisionari karibu na Nasik akabatizwa Jacob Wainwright. Mwenzake wa kabila moja, aliyezaliwa akiitwa Chengwimbe, alitoka katika shule hiyo akiwa Matthew Wellington, na jina hilo la mji wa Kiingereza na la jemadari maarufu alilibeba hadi alipofariki Mombasa mwaka 1935.

Wainwright alikuwa katika kundi lililopelekwa kwa David Livingstone mwaka 1872, na mtafiti huyo alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873, yeye ndiye aliyesoma ibada ya mazishi pale moyo wa marehemu ulipozikwa na kuchonga maandishi ya kumbukumbu kwenye mti. Kisha mwili ulibebwa kwa miguu hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874, na hivyo mtu aliyeitwa muunda magari akawa sehemu ya mojawapo ya safari mashuhuri kabisa za upagazi. Tarehe 18 Aprili mwaka huo alikuwa miongoni mwa wasindikiza jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, ilhali Chuma na Susi, waliomtumikia Livingstone kwa miaka mingi zaidi, walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Ni vigumu kuamini kwamba jina la Kiingereza na elimu ya misheni havikuchangia tofauti hiyo. Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892.

Huko Masasi, ambako Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaweka watumwa waliokombolewa mwaka 1876, desturi ilikuwa nyingine, na pengine ya busara zaidi: jina la ubatizo liliweza kuwa la kigeni, lakini jina la pili likaachwa liwe la Kiafrika. Mfano ulio wazi ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa na kusomeshwa Zanzibar na Uingereza, akapata upadri mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali. Majaliwa, kutoka kitenzi jaalia chenye asili ya Kiarabu, ni kile ambacho Mungu amemkadiria mtu, nalo ni jina ambalo Mwislamu na Mkristo wote hulichukua bila shida. Hadi leo linasikika Ruangwa, kwani ndilo la Kassim Majaliwa, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa jimbo hilo mwaka 2010 na kuteuliwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 2015, ingawa kufanana kwa majina hayo hakumaanishi undugu wowote.

Tofauti kati ya jina kama Wainwright na majina ya kusini inatokana na maana yenyewe ya ukoo. Wainwright ni jina la kurithiwa kwa baba, vizazi na vizazi, lakini kwa makabila ya huko kama Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada zake. Ukoo huo, ambao Wayao huuita lukosyo na Wamakua nihimo, uliamua nani aoane na nani, lakini haukuwa sehemu ya jina la kuitwa kila siku. Tena mtoto aliyetoka jandoni au unyagoni aliweza kuacha jina la utotoni na kupewa jipya. Rejista za misheni, shule na serikali zilileta mpangilio wa jina la mtu, la baba na la babu, na hilo la mwisho ndilo linaloandikwa kwenye fomu penye nafasi ya jina la ukoo. Kwa hiyo mzaliwa wa Nanganga hujaza hapo jina la babu mzaa baba, mtu ambaye kwa hesabu ya wazee wa kike wa nyumbani kwake ni wa ukoo mwingine kabisa.