Kioo au Pacha?

Istilahi ya kompyuta huita kioo ule mpangilio wa diski kuu mbili ambamo kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa papo hapo kwenye ya pili, mpangilio ambao David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliupa daraja la kwanza kati ya mipangilio ya diski waliyoieleza katika makala yao ya mwaka 1988. Kwa Kiswahili neno hilo linapotosha, kwa kuwa sura iliyo kiooni hutoweka mara mwenyewe anapoondoka, ilhali diski ya pili hubaki na data zote hata ya kwanza ikifa. Pacha lafaa zaidi, maana pacha ana uhai wake.

Hata hivyo, pacha hawa hawafanani daima. Katika kompyuta za mtindo wa zamani, kianzishi, yaani programu fupi inayouita mfumo endeshi, huanzia kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, ambayo katika mifumo ya Linux mara nyingi huwa nje ya eneo linalonakiliwa; fundi akiisahau kwenye diski ya pili, siku diski ya kwanza inapokufa feni huzunguka, taa huwaka, na skrini hubaki nyeusi yenye kistari kinachopepesa. Hapo vitenzi viwili vyahitajika: mashine imewaka, lakini haijaamka, na data zake, jambo la faraja kubwa, zingali salama kwa pacha aliyebaki, zikisubiri kianzishi kiandikwe upya.