Mwenzako anaongea lugha gani? Historia fupi ya sauti ndani ya gemu

Leo naomba tuziweke kando habari za bungeni na bei ya mafuta, tuongelee kitu ambacho wazee wetu wanakiita mchezo wa watoto. Nataka tuongelee gemu. Na ndani ya gemu nataka tumwangalie mtu mmoja tu, yule mwenzako. Namaanisha yule mhusika anayetembea na wewe toka mwanzo hadi mwisho, anakubebea mizigo, anapigana ubavuni kwako, na muda wote huo anakusemesha.

Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Ubora wa sauti ya mhusika huyu hautokani na koo zuri, wala jina kubwa la mwigizaji. Unatokana na kitu kidogo sana: aliyesimama mbele ya maikrofoni alijua anaongea na nani na kwa nini? Pia inategemea waliotengeneza gemu walimhesabu nani kuwa mtu wa kusikilizwa, na nani walimhesabu kuwa kelele tu. Historia ya miaka thelathini na kitu inaonyesha hayo yote. Haya, twende taratibu.

Mwanzoni tatizo lilikuwa nafasi. Mwaka 1993 Nintendo walitoa Star Fox. Wewe ni rubani, na una wenzako watatu angani wanaokuita kwa redio. Lakini kaseti za gemu za wakati ule hazikuwa na nafasi ya kubeba maneno ya watu, kwa hiyo wenzako walikuwa wanatoa milio tu huku maneno yakiandikwa kwenye skrini. Mwaka 1997 ikaja Star Fox 64, na safari hii wote wanaongea. Hiyo ilikuwa kazi kwelikweli, maana kaseti za Nintendo 64 hazikuzidi megabaiti 64, wakati CD ya PlayStation ilikuwa na zaidi ya 600. Sungura mzee Peppy, yule anayekufundisha jinsi ya kuzungusha ndege, aliigizwa na Rick May. Sauti yenyewe ina mikwaruzo kama redio ya mkulima, lakini unajua mara moja kwamba mzee huyu anakujali. May alifariki Aprili 2020 baada ya kuugua Covid-19, na watu wazima sehemu mbalimbali duniani waliomboleza kama wamefiwa na mjomba. Sauti fupi, ya zamani, na bado iliingia moyoni.

CD ilipoondoa tatizo la nafasi, likabaki tatizo la watu. Mfano maarufu ni Resident Evil ya mwaka 1996. Imetengenezwa Japani, lakini sauti ni za Kiingereza, hata kwenye toleo lililouzwa Japani kwenyewe. Mmoja wa wahusika ni Barry, mwenzake Jill. Dari inashuka kumponda Jill, Barry anamwokoa katika sekunde ya mwisho, halafu anamtania kwamba nusura awe sandwichi. Maneno yale yanatamkwa kwa utulivu wa mtu anayesoma tangazo la kupotea kwa mbuzi. Watu wanacheka mpaka leo. Lakini mimi huwa nawaambia wenzangu wasimcheke mwigizaji. Sikiliza vizuri utagundua kila sentensi imesemwa kana kwamba haijui sentensi iliyoitangulia. Hakuna hofu kwa sababu hakuna dari inayoshuka. Kuna karatasi tu. Gemu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2002, sauti zote zilirekodiwa upya.

Sasa tuhamie Canada. Mwaka 1998 kampuni ya BioWare ilitoa Baldur's Gate, ambayo ilijaza CD tano. Hata hivyo maneno mengi ya wenzako yalibaki maandishi. Walirekodiwa vipande vichache tu: ukimchagua anaitikia, ukimtuma anajibu, akijeruhiwa analalamika. Hapo ndipo ilipoonekana tabu ambayo filamu haina. Kwenye filamu sentensi inasikika mara moja. Kwenye gemu mwenzako atairudia mara mia nne. Ikiwa mbaya ni mateso, na ikiwa nzuri sana bado itachosha. BioWare walilijua hilo wakaligeuza utani: ukimbofya mhusika mara nyingi mfululizo, anaanza kukukoromea. Aliyependwa kuliko wote ni Minsc, jitu la miraba minne linalotembea na panya mdogo anayeitwa Boo na kumwomba ushauri. Aliigizwa na Jim Cummings, ambaye pia ni sauti ya Winnie the Pooh. Cummings hakumcheka Minsc. Alimwigiza kama mtu anayeamini kila neno analosema, na ndiyo maana vipande vile vichache vinakumbukwa kuliko saa nzima za maneno ya wengine.

Mwaka 2003 BioWare hao hao wakatoa Knights of the Old Republic, na wenzako wakaanza kuongea kila kitu kwa sauti. Roboti HK-47, aliyeigizwa na Kristoffer Tabori, anatangaza kwanza aina ya sentensi kabla ya kuisema, kwa adabu kama ya mhudumu wa hoteli, huku anachopendekeza ni mauaji. Ajabu! Lakini angalieni jambo jingine ndani ya gemu hiyo hiyo. Viumbe wa sayari nyingine wanaongea lugha zao, na lugha hizo ni vipande vichache vya sauti vinavyorudiwarudiwa. Anayeaga na anayekutukana wanaweza kutoa mlio ule ule. Maana yote iko kwenye maandishi ya chini. Naomba jambo hili mliweke akilini, tutalirudia.

Halafu kuna ugonjwa wa majina makubwa. Oblivion ya mwaka 2006 iliwachukua Patrick Stewart na Sean Bean, nao walifanya kazi nzuri. Lakini mamia ya raia waliobaki waligawana sauti za waigizaji wachache sana. Kuna ombaomba anayekulilia kwa sauti ya mgonjwa, ukimuuliza swali la pili anakujibu kwa sauti safi ya mtu mwingine kabisa! Na Skyrim ya mwaka 2011 ilikuwa na Lydia, mlinzi wako, ambaye ukikaa mjini utaisikia sauti yake midomoni mwa wanawake wengine chungu nzima.

Najua hapo kuna mtu atauliza, mbona Lufufu alikuwa anaigiza filamu nzima peke yake kwenye mabanda ya video na hatukulalamika? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba Lufufu hakujifanya Rambo. Alikuwa mtambaji amekaa na sisi upande huu wa skrini, anatusimulia ya upande ule. Alijua anaongea na nani: anaongea na sisi. Ombaomba wa Oblivion hajui.

Hatua kubwa ilikuja Novemba 2004 na Half-Life 2. Wewe ni Gordon Freeman, ambaye haongei hata neno moja. Kwa hiyo mwenzako Alyx, aliyeigizwa na Merle Dandridge, ana mzigo wa ajabu: kufanya mazungumzo na bubu pasionekane kichekesho. Dandridge anafaulu kwa sababu anaongea kama anayetazama uso wako na kupata jibu. Anasita, anacheka kidogo, anajirekebisha. Miaka tisa baadaye, mwaka 2013, The Last of Us ikafuata njia nyingine. Ashley Johnson na Troy Baker hawakufungiwa kila mmoja kwenye kibanda chake. Waliigiza pamoja jukwaani, miondoko na sauti zikinaswa kwa mpigo. Johnson, aliyekuwa Ellie, alipata tuzo ya BAFTA mwaka 2014. Vitu vidogo ndivyo vinavyomfanya Ellie awe mtu, kama pale anapojifunza kupiga mluzi njiani wakati hakuna hatari yoyote.

Mkitaka kujua kwa nini miaka yote hiyo wengine walisoma maneno kama tangazo, angalieni mgomo. Oktoba 2016 chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kiligomea kampuni kadhaa za gemu. Mgomo ulidumu siku 340. Pamoja na mambo ya malipo na kuumia koo kwa kupiga mayowe studio, kulikuwa na lalamiko ambalo mimi naona ndilo kiini: waigizaji walikuwa wanaitwa kazini bila kuambiwa gemu ni ipi wala wao ni nani humo ndani. Siri za kibiashara! Utamwigizaje rafiki wa mtu usiyeambiwa ni nani?

Mgomo wa pili ulianza Julai 2024 kuhusu akili mnemba, yaani kompyuta kujifunza sauti ya mtu kisha kuongea bila mwenyewe kuwepo. Ulisitishwa Juni 2025, na mkataba mpya ukaweka masharti ya ridhaa na uwazi. Kati ya migomo hiyo miwili ilitoka Baldur's Gate 3, Agosti 2023, na Neil Newbon aliyemwigiza Astarion akachukua tuzo ya uigizaji bora kwenye The Game Awards mwaka huo. Minsc naye yumo, safari hii kwa sauti ya Matthew Mercer. Miaka 25 toka vile vipande vichache, watu bado walitaka kumsikia.

Sasa turudi kwenye zile lugha za viumbe wa sayari nyingine. Machi 2009 ilitoka Resident Evil 5. Imewekwa Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi. Mwenzako ni Sheva Alomar, Mwafrika, aliyeigizwa kwa sauti na mwili na Karen Dyer. Sheva anaongea Kiingereza. Maadui wanaitwa Majini, na gemu yenyewe inasema neno hilo ni la Kiswahili. Wanapokukimbilia na mapanga, wanapiga mayowe kwa Kiswahili. Afrika Magharibi, jamani!

Mwaka 2007 lilipotoka tangazo lake la video, mjadala ulikuwa rangi ya ngozi ya maadui, na ulistahili kuwepo. Lakini kuhusu lugha sikusikia kelele nyingi. Kwa mchezaji wa Chicago au Osaka, Kiswahili kile ni mlio wa hatari, sawa na kubweka kwa mbwa. Kwa mchezaji wa Temeke au Kisumu, adui ndiye anayeongea kama jirani, na rafiki ndiye anayehitaji mkalimani. Sauti ya mtu alipewa Sheva kwa sharti la kuacha lugha za Afrika mlangoni.

Na msiniambie Kiswahili hakikai vizuri kwenye gemu. Wimbo Baba Yetu wa Christopher Tin, uliofungulia Civilization IV mwaka 2005, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na Februari 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Kuimba tumeimba. Kutisha tumetisha. Kilichobaki ni kitu cha kawaida kabisa: mwenzako akuambie kwa Kiswahili, pole, umeumia? Tupumzike kidogo hapa.

Waigizaji tunao. Michezo ya redio imetulea kwa vizazi, na kule hakuna uso wa kukusaidia, ni sauti tupu. Anayetengeneza gemu hapa nyumbani asianze na mapanga. Aanze na mwenzake, amwite mwigizaji, amweleze anaongea na nani, kisha awashe maikrofoni.

Nyie wenzangu mnasemaje? Kama kuna mtu amewahi kukutana na rafiki wa gemu anayeongea Kiswahili sanifu au hata cha mtaani, anishtue. Siku njema.