Kujifunza kutengeneza programu za wavuti za simu: Mfano wa Karatu na kreta ya Ngorongoro

Kwa magari mengi ya watalii, Karatu ndio mji wa mwisho mkubwa kabla ya lango la Lodoare, Ngorongoro. Hapo waongoza watalii hujaza mafuta, huchukua vyakula vya mchana na kuangalia simu zao. Mbele ya hapo, mtandao si wa kutegemea sana.

Chukua mfano huu. Mwongoza watalii ana wageni sita, na mmoja ana mzio mkali wa karanga. Orodha ya nani anakula nini iko kwenye ukurasa wa wavuti. Saa saba mchana, gari likiwa limepaki Ngoitokitok, eneo la kulia chakula ndani ya kreta, anafungua simu. Kioo kinabaki cheupe. Mtandao haupo, na maboksi ya chakula yanafanana yote.

Kijana anayejifunza kutengeneza programu za wavuti anaweza kuanza na tatizo hilohilo. Programu ndogo ya orodha ya wageni inagusa karibu kila kitu anachotakiwa kujua.

Programu ya wavuti ni nini?

Ni tovuti inayofanya kazi kama programu ya simu, ila inafunguliwa kwenye kivinjari kama Chrome au Safari. Si lazima ipitie dukani. Mtu anatumiwa kiungo WhatsApp, anabofya, basi.

Kwa anayeanza, hilo linaokoa hela. Akaunti ya msanidi programu kwenye Google Play inalipiwa dola 25 mara moja, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Kurasa za kujifunzia zinaweza kuwekwa bure kwenye GitHub Pages.

Aanze na nini?

Mpangilio ni uleule: HTML kwa ajili ya maandishi na fomu, CSS kwa ajili ya mwonekano, kisha JavaScript ili ukurasa uweze kufanya kazi. Masomo ya freeCodeCamp na MDN ni ya bure. Kwa mwenye bando dogo, masomo ya kusoma yanakula data kidogo kuliko video.

Asiye na kompyuta anaweza kuanza na simu ya Android na kihariri kama Acode. Kuandika kodi kwa kidole kunachosha, lakini inawezekana.

Kidole si mausi

Hapa ndipo wengi hukosea, hasa waliozoea kompyuta. Mambo manne ya kuzingatia:

• Upana wa kioo. Bila mstari wa viewport wenye maneno width=device-width, initial-scale=1, simu nyingi huchukulia ukurasa kuwa na upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana. Maandishi yanakuwa kama sisimizi.

• Ukubwa wa vitufe. Google inashauri vipimo vya angalau 48 kwa 48, sawa na milimita 9 hivi. Apple inasema 44. Ndani ya gari linalorukaruka kwenye barabara ya vumbi, kitufe kidogo kitamfanya mtu aguse jina la mgeni mwingine.

• Menyu. Mshale wa mausi unaweza kupita juu ya menyu na ikafunguka. Kidole hakielei, kinagusa au hakigusi. Kila kitu muhimu kipatikane kwa mguso mmoja.

• Fomu. Sehemu ya namba ya simu ikiandikwa type="tel", kibodi ya namba inatokea yenyewe. Herufi za fomu zisipungue pikseli 16, la sivyo iPhone huvuta ukurasa kila mtu anapotaka kuandika.

Wazo la ukurasa mmoja kujipanga upya kulingana na kioo lilipata jina mwaka 2010, kupitia makala ya Mmarekani Ethan Marcotte. Leo CSS ina zana za kufanya hivyo bila kutengeneza tovuti mbili.

Mtandao ukikatika

Vivinjari vya sasa vina kitu kinachoitwa service worker. Ni faili la JavaScript linalokaa kati ya ukurasa na mtandao. Mtumiaji akifungua programu mara ya kwanza akiwa na mtandao, faili hilo linaweza kutunza nakala ya kurasa ndani ya simu. Orodha yenyewe ya wageni inaweza kutunzwa kwenye IndexedDB, hifadhi iliyomo ndani ya kivinjari.

Sharti ni tovuti itumie HTTPS. Na kuna mtego: orodha iliyotunzwa inaweza kuwa ya jana. Kwa hiyo juu kabisa ya ukurasa iandikwe tarehe na saa iliposasishwa mara ya mwisho. Bila hivyo, mwongozaji anaweza kumpa mtu boksi lisilo lake huku akiamini yuko sahihi.

Taarifa za watu si za kuchezea

Majina, namba za simu na hali ya afya ya mgeni ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Wakati wa kujifunza, majina ya kubuni yanatosha.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kusema kazi imekwisha, msanidi afungue programu akiwa Karatu mjini, aizime, aweke simu kwenye hali ya ndege, kisha aifungue tena. Ajaribu kwa mkono mmoja, juani, kwenye simu ya bei nafuu.

Orodha ikifunguka hapo, kuna matumaini itafunguka pia Ngoitokitok. Ila simu huisha chaji. Kwa jambo la uhai kama mzio, karatasi yenye jina la mgeni ibandikwe pia kwenye boksi lake.