Haki ya Umbo Kando ya Ziwa Kivu

Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu kando ya Ziwa Kivu, uliingia katika historia ya viwanda vya Rwanda mwaka 1957, kiwanda cha bia cha Bralirwa kilipoanzishwa hapo. Kwa bidhaa za viwanda kama hicho, kinga ya usanifu wa viwandani, yaani haki juu ya mwonekano wa bidhaa, kama umbo la chupa au nakshi ya kitambaa, iliwekewa msingi mpya na Sheria Na. 31 ya mwaka 2009, na mwaka 2011 Rwanda ikajiunga na Mkataba wa The Hague kuhusu usajili wa kimataifa. Kwa kuwa usajili wa kitaifa hauvuki mpaka, ilhali bidhaa huvuka, mkataba huo unastahili kuthaminiwa na kila fundi wa Gisenyi.