Mrabaha na Thamani ya Mti Uliosimama: Bei za Miti ya Asili katika Rufiji na Kilwa, 1957–2009

Katika historia ya misitu ya Tanzania, mti uliosimama ulikuwa na bei mbili. Ya kwanza iliandikwa katika jedwali la serikali. Ya pili ilidhihirika gogo lilipofika Dar es Salaam au lilipopakiwa melini. Makala haya yanachunguza pengo baina ya bei hizo katika wilaya za Rufiji na Kilwa. Hoja yake ni kwamba udhaifu wa usimamizi, ambao umesisitizwa mara nyingi, hautoshi kueleza pengo hilo bila kuchunguza jinsi bei rasmi yenyewe ilivyoundwa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 1957 (Sura ya 389) iliendeleza utaratibu ambao miti ya thamani, ikiwemo mvule, mninga na mpingo, ilihitaji leseni ya serikali hata ilipoota nje ya misitu ya hifadhi. Mvunaji alilipa mrabaha serikalini kwa kadiri ya ujazo na daraja la spishi. Mwanakijiji aliyeishi jirani na mti huo hakuwa muuzaji wake; mara nyingi alikuwa kibarua wa kuukata. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ilipochukua nafasi ya ile ya awali, upangaji wa miti kwa madaraja uliendelea.

Jedwali hilo lilitofautisha spishi na spishi, lakini halikutofautisha mahali na mahali. Kiuchumi, thamani ya mti uliosimama ni kile kinachobaki baada ya kuondoa katika bei ya sokoni gharama za kukata, kuburura na kusafirisha, pamoja na faida ya mvunaji. Kwa hiyo mninga ulio kando ya barabara una thamani kubwa kuliko mninga wa ukubwa uleule ulio ndani ya pori. Kiwango kimoja kwa nchi nzima hakikuweza kulionyesha hilo.

Athari yake ilionekana baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Awali, magari yalitegemea kivuko kuvuka Mto Rufiji, na masika yalikwamisha safari. Daraja lilipunguza gharama za usafiri wakati mahitaji ya magogo katika masoko ya Asia, hasa China, yakiongezeka. Thamani ya miti ya kusini ikapanda, ilhali mrabaha haukuifuata. Ziada hiyo iliangukia kwa wanunuzi, wasafirishaji na wauzaji wa nje. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa kutokana na mbao yalipotea.

Ni kweli kwamba uhaba wa watumishi, rushwa na uvunaji bila leseni vilichangia hasara hiyo. Hata hivyo, hata mrabaha uliolipwa kikamilifu ungeliacha sehemu kubwa ya thamani nje ya hazina, na kijiji kingebaki bila sauti katika kupanga bei.

Sheria ya 2002 ilifungua njia nyingine kwa kuviruhusu vijiji kutenga misitu ya hifadhi katika ardhi yao na kubaki na mapato yake. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa mwaka 2009 chini ya cheti cha FSC cha usimamizi endelevu wa misitu. Badiliko kubwa hapa lilikuwa la nafasi ya mwanakijiji: kutoka kibarua hadi muuzaji, mwenye haki ya kupima mti kabla haujakatwa na kudai malipo yake.

Bado suala la muda halijapata jibu. Mpingo huchukua takribani miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Bei inayotokana na soko la leo pekee haibebi gharama ya kuusubiri mti wa pili, na mzigo huo huachiwa kizazi ambacho hakikuhusika katika mauzo.