Wazee wa Goma na majirani zao

Mara nyingi historia ya Goma inahesabiwa kwa moto na kwa vita. Tunasema: mwaka ule Nyiragongo ilitapika, mwaka ule watu walikimbia, mwaka ule askari waliingia mjini. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini inasahau jambo moja. Katika kila msiba wa namna hiyo walikuwamo wazee, na mzee hapotezi kama kijana. Kijana akipoteza nyumba atajenga nyingine. Akipoteza majirani atapata wengine kazini na sokoni. Mzee akitengwa na watu waliomjua tangu ujana wake, hana tena miaka ya kutosha kuwatafuta wengine. Basi tutazame kwa ufupi wazee wa mji huu walikaa na nani, zamani na sasa. Padri au katekista asiyejua habari hii hataelewa kwa nini mzee fulani wa parokia yake amenyamaza.

Zamani juu ya milima

Juu ya milima ya Masisi, Rutshuru na Lubero uzee ulikuwa na mahali pake. Mzee alikaa katika lupango lwake, na wana waliooa walijenga karibu naye, kwa sababu yeye ndiye aliyewagawia shamba. Kwa Wanande kulikuwa na kyaghanda, nyumba yenye moto walimokutana wanaume. Humo wazee walikata mabishano na kuwafundisha vijana habari za ukoo. Mama mzee alilea wajukuu na kuchagua mbegu za maharagwe. Hata mwenye magoti mabovu alikuwa na kazi.

Tusidanganyane, hata hivyo. Mjane asiye na mtoto aliweza kunyanyaswa, na mama mzee aliweza kuitwa mchawi alipokufa mtoto wa jirani. Milima haikuwa paradiso. Lakini hakukuwa na mzee ambaye watu hawakujua jina lake, baba yake na kilima chake.

Mji uliotaka mikono

Mwanzoni mwa karne ya 20 Goma ilikuwa posta ndogo ya Wabelgiji, mbele ya Gisenyi ya Wadachi. Miji ya Kongo ya wakati ule ilitaka mikono ya kazi, haikutaka wazee. Mtu hakuweza kuhama kwao apendavyo: kukaa ugenini zaidi ya siku 30 kulihitaji pasi ya serikali. Mfanyakazi aliyechoka alitazamiwa kurudi mlimani, na huko jamaa wamlishe.

Tena kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda hadi Masisi, wapate watu wa kulima na wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Walikuwa makumi ya maelfu. Watu hao waliacha makaburi ya wazazi wao, wakaanza ujirani mpya na Wahunde, na mambo ya udongo yaliyozaliwa hapo yanatutesa mpaka leo.

Je, serikali haikuwafikiri wazee? Ilifikiri kidogo. Dekreti ya 6 Juni 1956 ilianzisha pensheni ya wafanyakazi, na baada ya uhuru sheria ya 29 Juni 1961 ilianzisha sanduku la taifa, INSS, ambalo siku hizi linaitwa CNSS. Lakini sanduku hilo ni la mtu aliyeandikwa na patroni wake. Mkulima hamo, mama anayeuza sombe hamo, msukuma chukudu hamo. Na katika miaka ya 1990 feza ya Zaire ilipoanguka, hata wenye pensheni waliona karatasi zao hazinunui kitu. Kwa hiyo pensheni ya wazee wengi ilibaki ile ya zamani: mtoto. Na mtoto sasa yuko mjini.

Miaka ya kukimbia

Mwaka 1993 vita vya Masisi na Walikale viliwafukuza wengi vijijini. Julai 1994 mia za maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka katika siku chache. Kolera na kuhara damu viliingia makambini, na karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mwisho wa 1996 vita vilivunja makambi hayo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa, na zaidi ya watu 100,000 walikosa makao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na siku tano baadaye serikali iliamuru kartie 10 zihame. Kisha vita vya M23 vilijaza makambi ya Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala. Januari 2025 M23 waliuteka mji, na mwezi uliofuata makambi yalibomolewa na watu wakaambiwa warudi kwao.

Mzee mwenye miaka 80 leo aliyatazama hayo yote. Tumfikiri mmoja wao, aliyetoka Masisi kumfuata mwanawe. Anakaa katika chumba cha mbao. Mwenye nyumba akiongeza bei, wanahamia avenii nyingine, na majirani wanabadilika. Kilimani alikuwa na jembe. Hapa chini ya miguu yake ni mawe meusi ya volkano, ambayo hayalimiki. Asubuhi mwana anaenda kutafuta chakula, wajukuu wanaenda shule au kuchota maji na bidoni. Anabaki na mlango. Wapita njia wanamwita «yule mzee», kwa sababu hakuna anayejua jina la baba yake.

Ndipo wengi wanaanza kukosa usingizi, kukataa chakula, kulia bila sababu au kunyamaza siku nzima. Jamaa wanasema: ni uzee tu. Sivyo. Uzee unapunguza nguvu, lakini huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, na unaweza kutunzwa. Mjini Goma Mabruda wa Karita wana nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa moyo na akili, inayoitwa Tulizo Letu. Hata Shirika la Afya Duniani limekiri, lilipounda mwaka 2023 tume ya mambo ya ujirani na upweke, kwamba kukosa watu kunadhuru afya.

Dawa iko wapi?

Wengine wanasema: tujenge nyumba za wazee. Hatuwapingi. Jeanne Jugan wa Ufaransa, aliyetajwa mtakatifu mwaka 2009, alianzisha Masista Wadogo wa Maskini, na masista hao wana Nyumba ya Wazee hata Nairobi. Lakini tukumbuke alivyoanza mwaka 1839: alimchukua mama mzee kipofu, akampa kitanda chake mwenyewe. Nyumba kubwa zilikuja baadaye. Na nyumba hizo zitawapokea wachache wasio na mtu. Wazee wengi wa Goma watabaki katika vyumba vya kupanga.

Kwao tunacho chombo kingine. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za wakristu, zile tunazoziita mashirika. Shirika linajua nani amefiwa, nani amezaa. Mtu aliyetoka Rutshuru jana anapata ndani yake ndugu asiokuwa nao. Lakini lina kosa moja: linawahesabu wanaokuja. Mzee akishindwa kutembea mpaka nyumba ya sala, baada ya miezi michache jina lake linapotea.

Basi tunaona mambo matatu. Kwanza, kila shirika liwe na orodha ya wazee wake kwa majina, pamoja na kilima walikotoka, hata wale wasio wakristu, na mara nyingine likutane chumbani mwao. Pili, wazee wapewe kazi: kufundisha watoto sala, kupatanisha waliogombana, kusimulia habari za zamani. Anayetembelewa tu bila kuombwa kitu anajiona mzigo. Tatu, ijulikane mapema nani atamchukua nani siku ya kukimbia, kwa mgongo, kwa kipoyi au kwa chukudu. Siku hiyo redio inatangaza. Anayebeba ni jirani.

Matendo ya Mitume yanatuonyesha, katika sura ya 6, kwamba ugomvi wa wakristu wa kwanza wa Yerusalemu ulitokana na wajane wa watu wa lugha nyingine waliosahauliwa katika kugawa chakula. Mitume hawakusema wajane hao warudi kwao. Waliwachagua wanaume saba, majina yao yakaandikwa, nao wakapewa kazi hiyo. Katekista wa Goma naye anaweza kuanza juma hili na daftari moja.